Pointi 100 za Wilt, mataji 11 ya Russell

Usiku wa tarehe 2 Machi 1962, katika mji mdogo wa Hershey, jimbo la Pennsylvania, mchezaji wa akiba aitwaye Joe Ruklick alimpa pasi mwenzake aliyekuwa amesimama karibu na kikapu. Mwenzake akafunga. Zilikuwa zimebaki sekunde 46 mechi iishe, lakini mashabiki hawakusubiri. Walimiminika uwanjani kumzunguka mfungaji. Ruklick yeye alikimbilia mezani kwa waandishi wa alama, kuhakikisha kwamba pasi ile imeandikwa kwa jina lake. Mfungaji alikuwa Wilt Chamberlain wa Philadelphia Warriors, na kikapu kile kilimfikisha pointi 100 katika mechi moja. Hadi leo hakuna mchezaji mwingine wa NBA aliyezifikia.

Kazi yangu uwanjani ni hiyo ya mezani. Naandika karatasi ya alama kwenye mechi za mpira wa kikapu hapa Dar es Salaam, za vijana na za wakubwa: kalamu nyekundu kwa robo ya kwanza na ya tatu, kalamu ya bluu kwa robo ya pili na ya nne. Kikapu kikiingia napiga mstari wa mshazari juu ya jumla mpya. Mtupo huru ukiingia naweka nukta nzito. Aliyefunga kutoka mbali namba yake naizungushia duara. Naandika faulo, naandika mapumziko yaliyoombwa na makocha. Basi. Karatasi yangu haina mahali pa kuandika pasi. Haina mahali pa ribaundi, wala pa binti aliyesimama imara kuweka skrini ili mwenzake apate nafasi ya kutupia, akagongwa kifuani na mkabaji mkubwa kuliko yeye. Wale wanaotaka takwimu hizo huweka watu wao pembeni. Mechi nyingi za mtaani kwetu hazina watu hao, kwa hiyo kinachobaki baada ya filimbi ya mwisho ni majina ya waliofunga.

Ndiyo maana kisa cha Ruklick kinanigusa kuliko kisa cha pointi 100 zenyewe. Alijua kwamba kisichoandikwa husahaulika.

Na ndiyo maana nawaelewa pia vijana wanaonijia mezani mechi ikiisha, jasho linawatiririka. “Shikamoo anti. Mimi nina ngapi?” Mara chache sana mtu huuliza timu imezidiwa kwa ngapi. Hilo analijua kwa kuangalia ubao. Anachotaka ni fungu lake. Sioni sababu ya kumgombeza mtoto wa miaka 15 kwa swali hilo, kwa sababu kila picha ya kikapu inayomfikia kwenye simu inamwonyesha mtu mmoja akifunga. Lakini nikipata dakika mbili humweleza habari za watu wawili, Wilt Chamberlain na Bill Russell. Katika historia ya mchezo huu sijui mfano ulio wazi kuliko huo wa namna mtu anavyokumbukwa, na sijui mfano unaosimuliwa visivyo kama huo.

Tuanze na Hershey. Chamberlain alikuwa mrefu kupita futi 7, mwepesi, mwenye nguvu za kutisha. Usiku ule alifunga 23 katika robo ya kwanza, akafika 41 wakati wa mapumziko, 69 mwisho wa robo ya tatu. Alitupia mara 63 na kufunga mara 36, akaongeza mitupo huru 28 kati ya 32. Robo ya nne haikuwa mpira wa kawaida tena. New York Knicks walikuwa wakiwafanyia faulo wachezaji wengine wa Philadelphia ili mpira usimfikie Wilt. Na Philadelphia, waliokuwa mbele kwa pointi nyingi, wakawa wanafanya faulo makusudi ili saa isimame na mpira urudi kwao upesi. Matokeo yakawa 169 kwa 147. Mwenzake Guy Rodgers alitoa pasi 20 za kikapu. Mwenzake mwingine, Al Attles, alitupia mara nane akafunga zote nane, na mtupo huru wake mmoja ukaingia pia. Kwa mtu wa mezani, hiyo ya Attles ni kazi isiyo na doa. Nani anaikumbuka?

Hakukuwa na televisheni. Watazamaji waliohesabiwa walikuwa 4,124. Picha inayojulikana dunia nzima, ile ya Wilt ameshika kipande cha karatasi kilichoandikwa 100, iliwezekana kwa sababu mtu wa takwimu na habari wa timu, Harvey Pollack, alichukua karatasi na kuandika namba hiyo kwa mkono wake. Mwenzangu wa mezani yule ndiye aliyetupa kumbukumbu.

Msimu huo wote Chamberlain alikuwa na wastani wa pointi 50.4 kwa mechi na dakika 48.5 uwanjani, wakati mechi ya NBA ni dakika 48. Maana yake hakupumzika, na dakika za nyongeza alicheza pia. Ungetegemea apewe tuzo ya mchezaji bora wa ligi. Hakupewa. Wakati ule waliopiga kura walikuwa wachezaji wenyewe, wale waliokutana naye chini ya kikapu usiku baada ya usiku, nao walimchagua Bill Russell wa Boston Celtics, ambaye wastani wake ulikuwa pointi 18.9. Huo ndio ulikuwa msimu wake mkubwa kuliko yote kwa kufunga. Katika misimu 13 hakuwahi kufika wastani wa 20. Na katika misimu hiyo 13 Boston walichukua ubingwa mara 11.

Russell alifanya nini hasa? Alizuia. Kabla yake makocha wengi waliwafundisha wachezaji wasiruke wanapokaba, miguu ibaki chini. Yeye aliruka, na aliruka kwa akili. Mtu akizuia mtupo kwa kuupiga mpira hadi jukwaani, watazamaji hupiga kelele, lakini sheria inaurudisha mpira kwa wapinzani. Russell aliuzuia kwa ncha za vidole, kwa kipimo, ubaki ndani ya uwanja na umwangukie mwenzake. Papo hapo Bob Cousy au K.C. Jones alikuwa ameshageuka anakimbia, na kabla wapinzani hawajajua kilichotokea Boston walikuwa wamefunga upande wa pili. Kikapu hicho kiliandikwa kwa jina la mwingine. Kuzuia kwenyewe hakukuandikwa popote: NBA ilianza kuhesabu mitupo iliyozuiwa msimu wa 1973-74, wakati Russell na Chamberlain wote wameshastaafu. Kazi kubwa kuliko zote za maisha yake haina idadi.

Sisi Watanzania tunapaswa kuithamini kazi hiyo kwa namna ya pekee. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, Mtanzania wa kwanza kucheza NBA, aliitwa wa pili katika uteuzi wa wachezaji wapya wa mwaka 2009 kwa sababu ya kuzuia mitupo akiwa Chuo Kikuu cha Connecticut. Hakuwa mfungaji mkubwa. Mlango ulifunguliwa na mkono uliokaba.

Sasa nifike mahali ambapo sikubaliani na wasimuliaji wengi. Hadithi inayopendwa ni kwamba Wilt alikuwa mchoyo na Russell alikuwa mtu wa watu. Mmoja alipenda namba, mwingine alipenda timu. Ni hadithi nyepesi mno. Tazama nani aliwaajiri na aliwaagiza nini. Mwenye timu ya Philadelphia, Eddie Gottlieb, alihitaji watu wakate tiketi, na watu walikuja kumwona Wilt akifunga. Kocha wa msimu ule wa 1961-62, Frank McGuire, alipanga tangu mwanzo kwamba mpira upitie kwake kila mara. Chamberlain alifanya alichoagizwa, na alikifanya kuliko binadamu yeyote. Kule Boston kocha Red Auerbach alimhakikishia Russell kwamba wakati wa kuzungumza mshahara hawatajadili takwimu. Atakacholipwa ni ushindi. Mtu anayelipwa kwa vikapu atatafuta vikapu. Mtu anayelipwa kwa ushindi ataona pasi, ataona mwenzake aliyechoka, ataona upenyo nyuma ya mkabaji wake. Kabla ya kumwita kijana mchoyo, nauliza kwanza kocha wake humsifia nini.

Wala Russell hakuwa mnyenyekevu wa kuinamisha kichwa. Alikuwa na kiburi, na alikuwa na sababu ya kuwa nacho, mtu mweusi aliyezaliwa Louisiana mwaka 1934 na kukulia Oakland, ambaye nyumba yake huko Massachusetts ilivamiwa na kuchafuliwa na wabaguzi. Mwaka 1961, yeye na wenzake weusi walipokataliwa kuhudumiwa chakula kwenye hoteli moja ya Lexington, Kentucky, walipanda ndege wakarudi nyumbani na mechi wakawaachia waliobaki. Mwaka 1965 Wilt alipotia saini mkataba wa dola 100,000, Russell alidai dola 100,001 na akapewa. Mwaka 1972 Celtics walipotaka kuistaafisha jezi yake alikubali kwa sharti kwamba mashabiki wasiwepo. Ikapandishwa juu ya viti vitupu, mbele ya wachezaji wenzake. Mwaka 1975 alikataa kwenda kuingizwa kwenye jumba la mashujaa wa kikapu, akisema wako weusi waliostahili kabla yake; pete yake aliipokea mwaka 2019. Huyu si mtu aliyejisahau nafsi yake. Alichokifanya ni kuifunga nafsi hiyo kwenye matokeo ya timu, kiasi kwamba timu ikifungwa yeye ndiye aliyeona aibu. Tumbo lake lilimwasi kwa hofu. Alikuwa akitapika kabla ya mechi kubwa, na wenzake walikuwa wakiisikia sauti hiyo chumbani na kupata matumaini.

Wilt naye aliteseka kwa namna yake. Alipitisha miaka akiambiwa kwamba anafunga sana lakini hashindi. Masika ya 1962, wiki chache tu baada ya Hershey, alifika mechi ya saba dhidi ya Russell katika fainali ya kanda ya mashariki. Sam Jones akafunga sekunde za mwisho, Boston 109, Philadelphia 107. Kwa jumla walikutana mara nane katika mechi za mtoano, na Russell alipita mara saba. Nje ya uwanja walikuwa marafiki. Boston wakienda Philadelphia, Russell alikula chakula nyumbani kwa kina Chamberlain, kwenye meza ya mama yake Wilt, kisha jioni wakaenda kugongana.

Ile mara moja aliyoshinda ilikuwa 1967. Alikuwa sasa na Philadelphia 76ers, na kocha Alex Hannum alimwomba apunguze kutupia na aanze kugawa. Wastani wake wa pointi ulishuka hadi 24.1, pasi zake zikapanda hadi 7.8 kwa mechi. Timu ilishinda mechi 68 kati ya 81, ikawatoa Celtics waliokuwa wamechukua ubingwa mara nane mfululizo, ikabeba kombe. Hapo ungedhani somo limeeleweka. Msimu uliofuata Chamberlain alitoa pasi 702 za kikapu, nyingi kuliko mchezaji yeyote wa ligi. Watu waliomjua walisema alikuwa akiziwinda pasi zile kama zamani alivyowinda pointi. Kinachonishtua mimi ni mwisho wa msimu huo. 76ers waliongoza Boston kwa mechi tatu kwa moja, wakapoteza mbili, wakafika mechi ya saba kwenye uwanja wao wenyewe. Katika nusu nzima ya pili Wilt Chamberlain, mtu wa pointi 100, alitupia mara mbili tu. Alieleza kwamba wenzake hawakumpa mpira. Boston walishinda 100 kwa 96.

Hapa ndipo ninapopaona pagumu, na ndipo ninapotaka makocha wa vijana wapaangalie. Kutoa pasi si dawa yenyewe. Mtu anaweza kutoa pasi kwa ajili ya jina lake kama vile anavyoweza kufunga kwa ajili ya timu. Siku ile timu ilimhitaji Wilt atupie.

Kuna jambo dogo linalonisaidia kumwelewa. Chamberlain alikuwa dhaifu kwenye mitupo huru. Kwa maisha yake yote ya NBA alifunga kama nusu tu ya mitupo hiyo. Msimu ule wa 1961-62 alikuwa akitupia kwa mikono miwili kutoka chini, katikati ya magoti, mtindo ambao Rick Barry aliutumia baadaye na kufunga karibu tisa katika kila kumi. Kwa mtindo huo Wilt alipanda hadi asilimia 61, msimu wake bora. Zile 28 kati ya 32 za Hershey alizitupia hivyo. Kisha akauacha. Aliandika mwenyewe miaka ya baadaye kwamba alijiona kituko akitupia vile. Kwa hiyo alichagua kukosa akiwa na sura nzuri, na timu ikalipa. Nikiulizwa wapi Wilt alikuwa mbinafsi kweli, sitaji Hershey. Nitataja huo mstari wa mitupo huru.

Mwaka 1969 walikutana kwa mara ya mwisho, fainali, mechi ya saba, Los Angeles. Wilt alikuwa Lakers. Mwenye timu alikuwa ameshaning’iniza maputo darini yaangushwe wakishinda. Russell alikuwa na miaka 35, akicheza na kufundisha kwa wakati mmoja; tangu 1966 ndiye aliyekuwa kocha mkuu wa kwanza mweusi wa NBA. Robo ya nne Wilt aliumia goti akatoka. Baadaye aliomba kurudi, kocha wake Butch van Breda Kolff akamkatalia, hata Lakers walipokuwa wakikaribia kusawazisha. Boston 108, Lakers 106. Maputo hayakushuka. Russell alistaafu akiwa bingwa, kisha akasema hadharani kwamba Wilt hakupaswa kutoka kwenye mechi ya namna ile. Marafiki wale wa meza moja hawakusemezana kwa takribani miaka 20. Russell ndiye aliyekuja kuomba radhi, na mwaka 1999 Chamberlain alipofariki, Russell alisimama kuzungumza kwenye ibada ya kumkumbuka.

Watu husahau kwamba Wilt alipata taji la pili. Msimu wa 1971-72 Lakers waliajiri kocha Bill Sharman, aliyekuwa amecheza pamoja na Russell kule Boston, na Sharman alimwomba Wilt acheze kama alivyocheza Russell: adake ribaundi, azuie, atoe pasi ya haraka, wafunge wengine. Wastani wake ukashuka hadi pointi 14.8. Lakers walishinda mechi 33 mfululizo, rekodi ambayo haijavunjwa, wakawa mabingwa, na Wilt akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Alikuwa na miaka 35. Kwa jumla alifunga pointi 31,419, zaidi ya mara mbili ya zile 14,522 za Russell. Mataji ni 2 kwa 11.

Kuna wanaonijibu kwa jina moja: Michael Jordan. Wanasema alikuwa mchoyo na bado anaheshimiwa kuliko wote. Nawarudisha Boston, Aprili 1986. Jordan alifunga 63 dhidi ya Celtics katika mtoano, na Chicago wakafungwa, wakatolewa bila kushinda hata mechi moja. Msimu uliofuata alikuwa na wastani wa 37.1 na wakatolewa vilevile. Taji la kwanza lilikuja 1991, baada ya kocha Phil Jackson na msaidizi wake Tex Winter kumshawishi akubali mfumo wa pembetatu ambao mpira hauwi wa mtu mmoja. Katika mechi ya mwisho ya fainali ile Jackson alimuuliza Jordan ni nani aliyekuwa peke yake bila mkabaji. Jibu lilikuwa John Paxson. Jordan akaanza kumpa, Paxson akaanza kufunga, na Chicago wakatawazwa. Mwaka 1997 ilikuwa zamu ya Steve Kerr, pasi ya Jordan, sekunde za mwisho, taji la tano. Jordan hakuacha kujipenda. Alikubali kwamba mwenzake aliye wazi ana haki ya mpira.

Mtu anayenisikitisha zaidi ni Scottie Pippen. Kwa macho yangu hakuna mchezaji wa pembeni aliyewatumikia wenzake vizuri kama yeye: alikaba wafungaji wakali, aliuleta mpira mbele, alitoa pasi, na kwa miaka mingi mshahara wake ulikuwa mdogo sana ukilinganisha na kazi. Msimu wa 1993-94 Jordan alikuwa ameondoka kwenda kucheza besiboli, na Pippen akaibeba timu mgongoni. Tarehe 13 Mei 1994, dhidi ya New York, mechi ya tatu, matokeo yalikuwa 102 kwa 102 na sekunde 1.8 zimebaki. Jackson alichora mpango: Pippen aurushe mpira kutoka nje, Toni Kukoč atupie. Kukoč alikuwa mgeni kutoka Kroatia, kipenzi cha viongozi wa klabu. Pippen alisusa. Alikaa benchi akakataa kuingia. Pete Myers akaingia badala yake, akatoa pasi ile, Kukoč akafunga, Chicago wakashinda. Chumbani baada ya mechi mkongwe Bill Cartwright alizungumza na wenzake huku analia.

Ruklick alikimbia ili pasi yake isipotee. Pippen alikataa kuitoa. Ana mataji sita, na mataji hayo ni yake kwa haki, lakini filamu ya The Last Dance ilipotoka mwaka 2020 vijana ambao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1994 walijifunza habari za sekunde 1.8 kabla ya kujifunza namna alivyokaba.

Wengine wamepita njia hii kwa utulivu hadi inakuwa vigumu kuwaandikia makala. Tim Duncan wa San Antonio Spurs alilipwa zaidi ya dola milioni 21 msimu wa 2011-12. Mkataba uliofuata alikubali takribani milioni 10 kwa mwaka ili klabu iweze kuwalipa wengine. Mwenzake Manu Ginóbili, bingwa wa Olimpiki na Argentina mwaka 2004, alianzia benchi kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya NBA. Mwaka 2014 Spurs waliifunga Miami mechi nne kwa moja kwa mpira uliokuwa ukihama mkono hadi mkono. Nawasihi makocha wawatafutie vijana wao video za fainali hiyo, wazitazame zote, si vipande.

Sisi watazamaji nasi tuna sehemu yetu. Mei 2007, mechi ya kwanza ya fainali ya kanda ya mashariki, Cleveland walikuwa nyuma kwa pointi mbili sekunde za mwisho kule Detroit. LeBron James aliingia ndani, wakabaji wakamfuata, akaona Donyell Marshall amesimama peke yake kwenye kona, akampa. Marshall akakosa. Kwa siku kadhaa LeBron alilaumiwa kila mahali, eti nyota halisi angetupia mwenyewe. Pasi ilikuwa sahihi. Mtupo haukuingia, ndivyo mpira ulivyo. Lakini kijana aliyekuwa akitazama siku ile alifundishwa na kelele zetu kwamba kukosa mwenyewe kuna heshima kuliko kumwamini mwenzako. Mzazi unayekuja uwanjani Jumamosi, jaribu kupiga makofi pale mtoto wako anapotoa pasi, hata kama mwenzake atakosa. Na wewe kocha, tafuta mtu mmoja wa kukaa karibu nami na daftari lake, aandike pasi, ribaundi na skrini. Gharama yake ni kalamu.

Bill Russell alifariki tarehe 31 Julai 2022 akiwa na miaka 88. Mwezi uliofuata NBA ilitangaza kwamba namba yake, 6, haitapewa tena mchezaji mpya wa timu yoyote ya ligi hiyo, heshima ambayo hakuna aliyewahi kuipata kabla yake. Waliokuwa wakiivaa wakati huo waliruhusiwa kuendelea nayo. Mmoja wao alikuwa LeBron James, ambaye tarehe 7 Februari 2023, akiwa na jezi namba 6 ya Lakers, alimpita Kareem Abdul-Jabbar na kuwa mfungaji wa pointi nyingi kuliko wote katika historia ya NBA. Miezi michache baadaye alirudi kwenye namba 23, na sababu iliyotolewa ilikuwa moja: kumheshimu Bill Russell.